Kuandaa Biashara ya Mbogamboga na Matunda kwa Taratibu Mpya za Forodha za Umoja wa Ulaya

Msafirishaji wa mbogamboga kutoka Arusha au Kilimanjaro alizoea kuihesabu forodha kuwa jambo la uwanja wa ndege, ambapo mzigo ukishafika wakala hujaza fomu, ofisa hukagua na ndege huondoka. Mazoea hayo sasa yanamtia hasarani. Mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kudhibiti mizigo inayoingia, unaojulikana kwa kifupi kama ICS2, unahusu shehena zote za ndege tangu tarehe 1 Machi 2023, na kuanzia Juni 2024 ulianza kuhusu za meli kwa awamu. Taarifa za mzigo hutakiwa kuwafikia maofisa wa forodha wa Ulaya kabla mzigo haujapakiwa, nao wanaweza kudai ufafanuzi, kuagiza uchunguzi au kuzuia usipakiwe kabisa. Mwenye kuuza vitenge anaweza kuvumilia siku mbili za kungoja, lakini maharage machanga hayavumilii.

Kazi ya kwanza ni kurekebisha namna unavyoitaja bidhaa yako. Maneno kama "mazao mabichi" au "mbogamboga" hayatoshi tena kwenye hati ya mzigo, kwa kuwa mfumo hudai jina mahususi pamoja na namba ya HS, yaani namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, yenye tarakimu 6 zisizopungua. Maharage mabichi ni 0708.20, njegere 0708.10, pilipili 0709.60 na parachichi 0804.40. Andaa karatasi moja yenye jina la kila zao kama litakavyoandikwa kwenye hati zote, namba yake, aina ya boksi, uzito halisi na uzito pamoja na kifungashio, kisha uwape nakala mhasibu, msimamizi wa kituo cha kufungashia na wakala wa forodha. Nasisitiza karatasi hiyo kuliko kitu kingine chochote katika mwongozo huu, kwa sababu matatizo mengi niliyoyaona hayakutokana na udanganyifu, bali na watu watatu walioandika kitu kimoja kwa namna tatu.

Pamoja na hilo, mwombe mnunuzi namba yake ya EORI, ambayo ndiyo utambulisho wa kiforodha wa mfanyabiashara wa Ulaya, na anwani yake kamili, kabla msimu haujaanza. Kaa pia na wakala wako mkubaliane kwa maandishi nani atawasilisha taarifa zipi, kwa kuwa shirika la ndege huwasilisha zake, na taarifa za ndani zaidi zinazomtaja mwenye mzigo na mpokeaji zinaweza kuwa jukumu la wakala. Mkubaliane vilevile nani atapokea simu saa nane za usiku ikiwa maofisa wataomba ufafanuzi.

Baada ya hapo, panga muda kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya ndege. Taarifa za awali hutangulia upakiaji, na tamko kamili la safari ndefu hutakiwa angalau saa 4 kabla ya ndege kutua katika uwanja wa kwanza wa Umoja wa Ulaya. Kwa kontena la baridi la parachichi linalokwenda kwa meli, tamko hutangulia upakiaji bandarini kwa saa 24. Mnunuzi naye ana wajibu wa kukiarifu kituo cha ukaguzi cha mpakani kupitia TRACES, mfumo wa mtandaoni wa Umoja wa Ulaya, kwa kawaida siku moja ya kazi kabla ya mzigo kufika, hivyo anahitaji nakala za hati zako mapema. Ukikubali wavunaji walete mazao jioni kwa ajili ya ndege ya usiku huohuo, huna nafasi ya kusahihisha hata kosa dogo.

Cheti cha afya ya mimea kinastahili uangalifu wa pekee. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 karibu matunda na mboga zote mbichi zinazoingia Umoja wa Ulaya hutakiwa kuwa nacho, isipokuwa nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Hapa nchini hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na kwa pilipili hutakiwa pia tamko la ziada kuhusu nondo anayeitwa Thaumatotibia leucotreta, jambo linaloanzia shambani. Niliwahi kusimamia mzigo ambao maboksi manne ya pilipili yalitolewa dakika za mwisho kwa sababu yalikuwa yamelowa, lakini cheti kilikuwa kimeshaandikwa idadi ya awali. Uamuzi wa kuyatoa ulikuwa sahihi. Kosa letu lilikuwa kutomwarifu mkaguzi arekebishe cheti. Tangu siku hiyo sikubali hati yoyote kukamilishwa kabla ya hesabu ya mwisho ya maboksi kwenye chumba cha baridi.

Ikiwa mzigo wako unapitia Namanga kwenda kupanda ndege Nairobi, usiruhusu ufungashwe upya wala kuchanganywa na mazao mengine njiani, kwa kuwa Tanzania ndiyo nchi ya asili na msamaha wa ushuru wa forodha kule Ulaya unategemea hilo. Shehena yenye thamani inayozidi euro 6,000 hutakiwa tamko la asili, yaani maandishi yanayothibitisha nchi bidhaa ilikotoka, kutoka kwa msafirishaji aliyesajiliwa katika REX, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kusajili wasafirishaji, kwa hiyo omba usajili huo mapema. Hakikisha pia paleti za mbao zina muhuri wa ISPM 15 unaothibitisha kwamba zimetibiwa dhidi ya wadudu.

Nakala za matamko ya asili, ankara, vyeti na kumbukumbu za mashamba zihifadhiwe kwa miaka 3 isiyopungua tangu mwisho wa mwaka ambao tamko lilitolewa. Zipange kwa namba ya shehena badala ya jina la mnunuzi, kwa sababu ofisa anayeuliza huanza na namba hiyo.