Somo: kumtambua sisimizi uliyemkuta nje, aina yake na cheo chake

Wengi huanza na rangi. Rangi iacheni mwisho. Weusi wako chungu nzima. Anzeni na kiuno.

Hatua ya 1: Hakikisha si mchwa. Kumbikumbi wanaojaa kwenye taa wakati wa mvua ni mchwa: mbawa nne zenye urefu sawa, vipapasio vimenyooka, kiuno hakuna. Sisimizi kiuno kimebanwa, vipapasio vimekunjika katikati, na akiwa na mbawa, za mbele ni ndefu kuliko za nyuma.

Hatua ya 2: Mpige picha ubavuni, rula ikiwa kando yake. Ikuze, kisha hesabu vinundu vya kiunoni. Maji moto, yule mshona majani, ana kimoja. Pheidole, wale wadogo wa kahawia, wana viwili.

Hatua ya 3: Angalia makazi na mwendo. Majani mabichi yaliyoshonwa mtini ni kazi ya maji moto (Oecophylla longinoda). Hariri ya kushonea hutoka kwa mabuu. Wakubwa huwashika kwa taya na kuwapitisha kutoka jani hadi jani. Msafara mweusi unaorudi na mchwa mdomoni ni sungusungu (Megaponera analis), nao ukiwachokoza hutoa mlio wa kukwaruza. Msafara mnene, wakubwa kwa wadogo, na askari wameachama taya pembeni, ni siafu (Dorylus). Mtazame kichwa: hana macho.

Hatua ya 4: Cheo. Hapa ndipo watu hupotea, kwa kupima ukubwa wa mwili. Pima kifua. Malkia aliyewahi kuruka ana kifua kinene kwa ajili ya misuli ya mbawa, na hata akishazikata makovu hubaki. Askari wa Pheidole kichwa chake ni kikubwa ajabu, lakini kifua chembamba: ni mtenda kazi tu, tena jike. Dume ana mbawa, kichwa kidogo na macho makubwa.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Usiku kuna dudu la kahawia linagonga taa, tumbo refu kama soseji. Ni malkia wa nini?

Marahaba. Huyo ni dume la siafu, na hadungi. Malkia wa siafu hana mbawa maisha yake yote, hivyo kwenye taa humpati.

Mwalimu, nina mikorosho Mtwara. Maji moto wananiuma nikipogoa. Nipulize dawa?

Usipulize, ndugu yangu. Hao huwinda mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi. Vaa mikono mirefu, kisha kagua shina chini: ukiona wadogo wa kahawia wenye vinundu viwili na askari wa vichwa vikubwa, hao ndio wa kushughulika nao, maana huwafukuza maji moto.

Nimemkuta mmoja peke yake uani baada ya mvua, kifua kinene, hana mbawa.

Tafuta makovu ubavuni mwa kifua. Yakiwepo, ni malkia mchanga anayetafuta pa kuchimba. Tuma picha ya kiuno ndipo tuzungumze aina.