Kabla Hujapaka Rangi Tena, Tafuta Maji Yanatoka Wapi

Mwaka 2019 niliitwa Mbezi, nyumba ya mwalimu mstaafu. Ukuta wa chumba chake cha kulala ulikuwa na baka kubwa kama sinia, usawa wa goti, rangi yake kama chai ya rangi iliyopoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Huu ukuta nimeupaka mara tatu. Mara ya mwisho nikanunua rangi ya mafuta, ile ya bei. Umerudi vilevile."

Niliweka kiganja, ukuta ni wa baridi. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi, plasta ikalia kama kopo tupu. Nilipoisukuma kwa kidole gumba ikamegeka kama kashata. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na bafu, lakini bomba la shawa lilikuwa mita moja na nusu kutoka kwenye baka. Tukang'oa vigae viwili, tukachimba kwa tindo polepole hadi kwenye elbo, kile kiungo cha kona cha bomba. Halikuwa bomba lililopasuka. Lilikuwa tone, kisha tone jingine. Nikahesabu kwa saa ya simu: matone 40 kwa dakika.

Unaweza kuyadharau matone 40. Yapige hesabu: kwa siku ni karibu lita 3, kwa mwaka ni zaidi ya lita 1,000. Maana yake yule mzee alikuwa anamwaga simtanki nzima ya lita elfu moja ndani ya ukuta wake kila mwaka, halafu anapaka rangi juu. Chanzo kilikuwa tredi tepu, ule utepe mweupe wa kuziba maungio ya bomba, iliyozungushwa kinyume na mwelekeo wa nyuzi za bomba, kwa hiyo ilifumuka elbo ilipokazwa. Wale mafundi wa rangi hawakumdanganya. Waliitwa kupaka, wakapaka. Hakuna aliyeitwa kutafuta maji.

Mimi ni fundi bomba hapa Dar es Salaam, na kazi ya kutafuta maji yaliyojificha ndiyo inayonilia muda mwingi kuliko zote. Nayaandika haya kwa sababu kila masika naingia nyumba zenye hadithi ile ile, na pesa nyingi huwa zimeshateketea kabla sijafika.

Kutafuta chanzo

Anza na mita. Funga koki zote za ndani, funga na koki inayoingiza maji kwenye tangi, kisha itazame mita. Kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji kidogo yakipita. Kikizunguka wakati kila kitu kimefungwa, maji yanapotea mahali fulani baada ya mita. Kama huna hakika, andika namba usiku, usitumie maji, soma tena alfajiri.

Lakini nyumba nyingi za kwetu zinakunywa kutoka kwenye tangi la juu, na mita haiwezi kukwambia kinachotokea kati ya tangi na bafu. Hapo fanya hivi: jaza tangi, funga koki inayoingiza, weka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji ndani ya tangi, ulale. Asubuhi maji yakiwa yameshuka na hakuna aliyeoga wala kuflashi choo, tatizo liko kwenye mabomba yako. Usisahau choo chenyewe. Dondosha rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashi na ukae nusu saa. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo bila wewe kuflashi, mpira wa ndani umechoka.

Mabomba yakiwa mazima, fuatilia baka lenyewe kwa penseli. Chora mstari kuzunguka ukingo wake na uandike tarehe. Baka linalokua baada ya mvua linakupeleka juu ya paa. Linalokua siku za wageni, watu wanapooga sana, linakupeleka bafuni. Lililoko chini, mwaka mzima, lenye unga mweupe wa chumvi, linatoka ardhini. Na likikua miezi ya joto wakati mvua hakuna, angalia juu kama kuna eisi. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, eisi inakamua maji mengi kila usiku, na kile kibomba chake cha kutolea maji kikiziba kwa utelezi, maji yanarudi na kuteremka ndani ya ukuta. Mara nyingi dawa yake ni kukizibua tu.

Paa nalo linadanganya. Maji yakiingia kwenye tundu la msumari hayadondoki pale pale. Yanatambaa juu ya papi, zile mbao zinazoshika bati, yanashuka na kenchi, yanadondoka kwenye dari mita tatu mbele. Ndiyo maana mtu anaziba juu ya baka na bado linarudi. Panda darini na tochi wakati mvua inanyesha, ukikanyaga mbao na si dari, ufuate njia ya maji kurudi nyuma hadi yanapoingilia. Angalia zaidi mpira ulio chini ya kichwa cha msumari wa bati. Jua huukausha hadi unapasuka.

Na hapa niseme wazi kuhusu mapaa ya kujificha, haya ambayo bati limefichwa nyuma ya ukuta na nyumba inaonekana bapa ukiwa barabarani. Yanapendeza. Lakini mvua yote ya paa inakusanyika kwenye mfereji ulio ndani ya nyumba, si nje yake. Mti wa mwarobaini ukidondosha majani, tundu la kutolea maji likaziba, maji hayana pa kwenda isipokuwa darini kwako. Ukiwa na paa la namna hii, safisha mfereji kabla ya masika na kabla ya vuli, na mwambie fundi akuwekee tundu la pili la dharura, juu kidogo ya lile la kwanza, linalotoka moja kwa moja nje. Ukiona maji yanachuruzika hapo utajua la kwanza limeziba. Kazi ya siku moja, na imeokoa dari nyingi.

Unyevu wa ardhini una sababu yake ninayoikuta karibu kila mtaa: mtu amejenga vizuri, nailoni ya msingi, ile inayozuia unyevu usipande ukutani, ipo, halafu miaka mitano baadaye anaweka pevingi uani na ua unapanda juu kuliko sakafu ya ndani. Udongo uliolowa sasa umegusa ukuta juu ya nailoni. Hakuna rangi itakayozuia hilo. Ondoa pevingi zilizo karibu na ukuta, shusha udongo, uyape maji mteremko wa kwenda mbali na nyumba.

Bafu la ghorofani lipime kabla ya kubomoa chochote. Ziba tundu la maji kwa tambara na mfuko, jaza sakafu maji ya kina cha sentimita mbili hivi, weka alama, subiri saa 24. Yakishuka kuliko kawaida, au dari ya chini ikilowa, kizuia maji chini ya vigae hakipo au kimekufa. Grauti, ile ya kujaza nafasi kati ya vigae, peke yake haizuii maji.

Maji yakiwa yameshaingia

Hili limenikuta mwenyewe, nilipokuwa nimepanga Tabata. Maji ya mgao yalikatika mchana, mtoto akafungua koki ya jikoni, haikutoa kitu, akaiacha hivyo hivyo. Saa nane usiku maji yakarudi kwa nguvu. Niliamka baada ya kuteremsha mguu kitandani na kukuta kandambili zinaelea. Godoro la watoto lililokuwa chini, vyeti vyangu vilivyokuwa kwenye begi sakafuni, vyote vilikuwa vimelowa. Tangu siku ile, mgao ukianza nafunga koki kuu, na kwangu hakuna hati inayokaa chini.

Kitu cha kwanza ni umeme. Kama maji yamefika kwenye soketi au yanatoka kwenye taa, zima meni swichi, lakini ikibidi usimame kwenye maji ili uifikie, usiiguse. Toka nje na mwite fundi umeme. Pili, funga maji. Tatu, piga picha kila kona kabla hujasogeza kitu. Ukiwa na bima utazihitaji, na soma mkataba wako mapema, maana bima nyingi hulipa bomba lililopasuka ghafla na hukataa vujo la muda mrefu.

Dari ya jipsamu iliyovimba katikati kama tumbo ina maji juu yake, na kila lita ina kilo moja. Usisimame chini yake. Weka ndoo, simama pembeni, toboa tundu dogo kwa bisibisi ndefu pale ilipovimba zaidi. Utasikia maji yanaanza kuimba kwenye ndoo. Yaache yatoke yote, vinginevyo bodi nzima itadondoka na kupasua kila kilicho chini.

Kisha jiulize ni maji ya aina gani. Ya bomba au ya mvua iliyopita kwenye bati safi, unaweza kukausha na kuokoa vingi. Yaliyotoka kwenye shimo la choo, au mafuriko ya barabarani, hayo ni uchafu wenye magonjwa. Wakazi wa bonde la Msimbazi wanayajua. Godoro, zulia na mito iliyoguswa na maji hayo itupe, hata kama inauma. Vaa glavu na gambuti. Osha kuta na sakafu kwa sabuni kwanza, ndipo upake jiki iliyozimuliwa. Na tafadhali, usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na kwenye chumba kilichofungwa inaweza kuua.

Kukausha ndiko kunakoshinda wengi, kwa sababu sakafu ikionekana kavu watu wanadhani kazi imekwisha. Ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48. Sogeza makabati mbali na ukuta, ng'oa sketi za mbao zilizo chini ya ukuta, kata jipsamu iliyolainika hadi pale ilipo ngumu. Feni zielekee ukutani. Fungua madirisha siku za jua, lakini mvua ikinyesha yafunge, maana utakuwa unaingiza unyevu badala ya kuutoa. Hapo washa eisi kwenye alama ya tone la maji.

Wakati wa kuita wataalamu

Usipambane mwenyewe kama ni maji taka, kama vyumba zaidi ya kimoja vimelowa, kama kuna nyufa mpya, au kama nyumbani kuna mgonjwa wa pumu. Mtaalamu wa kweli utamjua kwa vifaa na kwa maswali yake. Anakuja na kipima unyevu, chenye sindano mbili za kuchoma ukutani, na anakuonyesha namba za ukuta uliolowa na za ukuta mkavu wa nyumba hiyo hiyo ili ulinganishe. Analeta mashine ya kunyonya unyevu hewani na anaiacha ikifanya kazi siku kadhaa. Anarudi kupima, anaandika. Akija na ndoo ya rangi siku ya kwanza, mshukuru na umuage.

Mkubaliane kwa maandishi: nani anatafuta chanzo, nani anakausha, nani anafunga ukuta, na malipo yagawanywe kwa hatua hizo. Bomba jipya lipimwe kwa pampu ya mkono kabla ya plasta, liachwe na presha usiku kucha, na asubuhi wewe mwenyewe uione sindano ya kipimo cha presha haijashuka.

Kwa yule mzee wa Mbezi, elbo ilichukua dakika 40. Kisha tuliparua plasta yote iliyooza, tukauacha ukuta uchi. Alilalamika, mama alilalamika zaidi, chumba kilikuwa hakitazamiki. Kila wiki nilibandika kipande cha nailoni ukutani kwa tepu pande zote nne, na siku mbili baadaye nakibandua. Wiki ya kwanza upande wa ndani ulikuwa umejaa matone. Wiki ya tatu ulikuwa na ukungu hafifu wa mvuke. Wiki ya tano ulitoka mkavu, nikarudia kuthibitisha, ukatoka mkavu tena. Ndipo tukapiga plasta mpya, tukaisubiri nayo ikauke, tukaweka skimu na rangi ya maji ya kawaida, kopo moja la lita 4.