Somo: Jinsi ini linavyoondoa homoni kwenye damu

Kila mitihani ikikaribia naulizwa swali hili tena na tena, kwa hiyo naliweka hapa. Someni kabla ya kuuliza.

1. Tezi humwaga homoni kwenye damu.

2. Homoni za steroidi (kotisoli, projesteroni, estrojeni) haziyeyuki vizuri majini, hivyo husafiri zimeshikwa na protini kama albumini.

3. Zikiachiliwa, huingia kwenye seli za ini.

4. Hapa ndipo alama hupotea. Ini si chujio la chai. Ini huibadilisha homoni yenyewe. Kwanza vimeng'enya, vikiwemo vya jamii ya sitokromu P450, huigeuza umbo hadi nguvu yake iishe. Kisha vingine huibandika asidi ya glukuroniki au salfeti. Bila kibandiko hicho, steroidi ikichujwa na figo ingepenya tena na kurudi kwenye damu. Ikishabandikwa huyeyuka majini, na kurudi huwa vigumu.
Angalieni: msiandike "ini huchuja homoni". Wala msiichanganye insulini hapa. Hiyo ni protini, hukatwakatwa, na karibu nusu yake huondolewa na ini mara ya kwanza inapopita ikitoka kongosho.

5. Hutoka kwa mkojo au nyongo. Zile za nyongo, bakteria wa utumbo huweza kuzibandua, zikafyonzwa upya.

MASWALI

Fresha wa Kabete: Kwa hiyo kwa kifupi ini linachuja?
Jibu: Hatua ya 4.

Mfugaji, Limuru: Mwalimu, ng'ombe wangu ana maziwa mengi lakini kila akipandishwa anarudi joto (anataka dume tena, yaani hajashika mimba). Ini linahusika?
Jibu: Umeuliza vizuri sana. Ng'ombe wa maziwa mengi hula sana, na kula sana huongeza damu inayopita kwenye ini. Projesteroni, ambayo ndiyo hulinda mimba, huondolewa haraka, kiwango chake kikashuka hata kama ovari inafanya kazi. Lakini hiyo ni sababu mojawapo tu. Usimnyime chakula. Andika saa unazoona joto, na daktari wa mifugo amkague kizazi.

Fresha wa Kabete: Ndiyo maana kifaa cha kumpa ng'ombe projesteroni huwekwa ukeni, hakimezwi?
Jibu: Sasa unasoma! Ikimezwa, damu ya utumbo huipeleka moja kwa moja kwenye ini, na nyingi huishia hapo.

Mama Paka, Kangemi: Paka wangu ana homa, nimpe parasitamoli kidogo?
Jibu: Usimpe hata chembe. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuibandika dawa hiyo asidi ya glukuroniki. Inaweza kumuua. Mpeleke kwa daktari leo.