Kutengeneza vumbi la kaboni maabara na kupima linavyofyonza mwanga wa nyota

Mwanga wa nyota ukipita kwenye vumbi lililo kati ya nyota hufyonzwa zaidi upande wa urujuanimno, na kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 217.5 kuna kilele kipana cha ufyonzaji ambacho vifaa vilivyorushwa kwa roketi vilikionyesha mwaka 1965. Mahali pa kilele hicho karibu hapabadiliki popote tunapoelekeza darubini; upana wake ndio hutofautiana. Kaboni ndiyo inayoshukiwa zaidi. Maabara, kupata kilele fulani kutokana na kaboni ni rahisi. Kinachotesa ni kukipata mahali pake, na mara nyingi kikwazo ni chembe zilizoshikana au mafuta yaliyoingia kwenye sampuli.

Andaa chemba isiyovuja, pampu ya ombwe, na fimbo mbili za grafiti safi zenye kipenyo cha milimita 6 hivi. Moja ichongwe ncha ili joto likusanyike hapo. Vuta hewa hadi milibari 0.01 au chini zaidi, kisha ingiza agoni, gesi isiyoungana na kaboni, hadi milibari 10. Umeme uwe mnyoofu (DC), takriban ampea 100 kwa volti 20. Mashine ya kuchomelea ya aina hiyo inafaa. Gusanisha fimbo, ziachanishe kidogo, arki (cheche ya umeme inayoendelea kati ya ncha) iwake kwa sekunde chache tu, na utaona moshi ukipanda. Vaa kioo cha kuchomelea, maana arki hutoa urujuanimno unaounguza macho.

Moshi udakwe kwenye visahani vya kwatzi vilivyowekwa sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye arki. Kioo cha kawaida hakifai, kwa kuwa chenyewe hufyonza urujuanimno. Ukimaliza, acha chemba ipoe na urudishe hewa polepole sana: ukifungua vali kwa pupa vumbi litapeperuka kutoka kwenye kisahani. Vaa barakoa ya chembe ndogo unapofungua.

Shinikizo la gesi lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Likizidi, chembe hukua na kushikana zikiwa bado hewani. Kwenye heli ya milibari mia moja na kitu, sehemu ya masizi huwa fulereni, yaani molekuli za kaboni zenye umbo la tufe tupu ndani. Ndivyo wanafizikia Wolfgang Krätschmer na Donald Huffman walivyopata C60, fulereni yenye atomi 60 za kaboni, ya kutosha kuishika mkononi mwaka 1990, wakitokea kwenye utafiti huuhuu wa vumbi la angani. Ukiona vilele vya ziada karibu na nanomita 265 na 340, loweka masizi kidogo kwenye tolueni. Tolueni ikigeuka zambarau au nyekundu, fulereni zimo na sampuli yako si kaboni tupu ya kawaida.

Kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa kwa kila urefu wa wimbi, pima kwanza kisahani kitupu cha aina ileile, kisha chenye vumbi, kuanzia nanomita 190 hadi 700 kwa hatua ya nanomita 1. Puliza naitrojeni ndani ya kifaa, kwani chini ya nanomita 200 oksijeni ya hewa huanza kula mwanga. Lenga ufyonzaji (A, kipimo cha logi ambapo 1 ni kupita kwa sehemu moja ya kumi ya mwanga) wa kati ya 0.3 na 0.8 kwenye kilele. Ukizidi 2, mwanga unaopotea njia ndani ya kifaa hufanya kilele kionekane kimebapa, nawe utadhani ni tabia ya vumbi.

Pima pia uzito wa kisahani kabla na baada. Tuseme umepata mikrogramu 20 kwa kila sentimita ya mraba na A ya 0.60. Zidisha A kwa 2.303, upate 1.38, kisha gawanya kwa gramu 0.00002: jibu, yaani uwezo wa gramu moja ya vumbi kufyonza, ni kama sentimita za mraba 69,000 kwa gramu. Bila uzito unabaki na umbo la mchoro tu.

Kilele kikitokea kwenye nanomita 240 au 250, shuku kushikana kwanza. Chembe zilizoungana mnyororo hufyonza kwa pamoja, na kilele husogea kwenye mawimbi marefu na kupanuka. Punguza muda wa arki na utengeneze tabaka jembamba zaidi. Njia bora, ingawa ni ghali, ni kuzigandisha chembe ndani ya agoni ngumu kwenye kelvini 10 hivi ili kila moja ikae peke yake.

Sababu ya pili ni hidrojeni. Vumbi lililotengenezwa ndani ya hidrojeni halionyeshi kilele hicho waziwazi. Likipashwa joto kwenye ombwe, hidrojeni hutoka na kilele hujitokeza, kisha husogea kadiri joto linavyopanda. Hidrojeni ikichanganyika na hewa hulipuka, kwa hiyo ivute yote kabla ya kufungua.

Kiasi cha hidrojeni iliyoungana na kaboni kinaonekana kwenye infraredi, kwa mistari ya ufyonzaji karibu na mikromita 3.38, 3.42 na 3.48. Hapo ndipo penye mtego mkubwa: alama ya kidole na mvuke wa mafuta ya pampu hutoa mistari ileile. Kila mara acha kisahani kimoja ndani ya chemba iliyovutwa hewa, bila kuwasha arki, kwa muda uleule wa kazi, kisha ukipime. Mistari ikionekana hapo, weka mtego wa naitrojeni ya kimiminika kati ya pampu na chemba, na shika visahani kwa kibano tu.