Kozi ya Kirusi kwa anayeanza, cheki mkazo kwanza

Kama unataka kujifunza Kirusi mwenyewe bila mwalimu, usikimbilie kulipia, fungua somo la kwanza na la pili uone wanaandikaje maneno. Kozi inayokuandikia Kirusi kwa herufi zetu hizi mpaka somo la kumi achana nayo kabisa, herufi zao ziko 33 tu ukikaza unazishika fasta, sema kuna za kukuchanganya, В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s.

Kitu kikubwa ni mkazo jamani, yaani ile silabi unayoitamka kwa nguvu zaidi. Sisi kwenye Kiswahili tumezoea mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, Kirusi unahamahama na maandishi ya kawaida hayauonyeshi. За́мок ni ngome, замо́к ni kufuli, herufi zilezile! Halafu o isiyo na mkazo inasikika kama a, kwa hiyo молоко́, yaani maziwa, masikioni inakuja kama "malako". Ndo maana kozi lazima iweke alama juu ya vokali na iwe na sauti za Warusi wenyewe, kama haina sauti hata ikiwa ya bure iache.

Sarufi nayo, nomino zinabadilika mwisho kwa kesi 6, yaani maumbo yanayoonyesha kazi ya neno kwenye sentensi, tafuta kozi inayokupa moja moja na mazoezi mengi yenye majibu, ile inayokumwagia jedwali zima siku ya kwanza itakukatisha tamaa bure. Apu za simu mi naona zinafaa kurudia maneno tu.