Kabla ya kulipia soba hausi

Soba hausi, yaani nyumba ya upataji nafuu kwa wanaoacha dawa za kulevya au pombe, usiichague kwa simu. Nenda mchana, bila miadi, uone vyumba vya kulala, choo na jiko. Kisha omba kuongea na wakazi wawili watatu, msimamizi akiwa mbali. Ukiona minyororo, au ukisikia mtu "hutulizwa" kwa viboko, geuza. Hiyo si tiba.

Tanzania, piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize nyumba inayotambulika karibu nawe. Ada iandikwe: ya mwezi, chakula, na inayorudishwa mtu akitoka mapema. Uliza pia nani anatunza dawa za VVU au kifua kikuu, maana hapo ndipo dozi hukatika.

Mnywaji wa pombe wa kila siku aanzie hospitali. Akiacha ghafla anaweza kupata degedege. Arosto ya unga, yaani maumivu ya kuacha heroini, inatesa, lakini hatari kubwa huja baadaye: aliyekaa miezi bila kutumia, akirudia kipimo chake cha zamani, mwili haukihimili tena na pumzi inaweza kukata. Kwa hiyo tafuteni kikundi cha wenzake walioacha, mtaani, kabla hajatoka.