Usiiamini pua yako: namna ya kutambua mimea pori ya familia ya mnanaa

Mtu akikuta mmea porini anaponda jani, ananusa, unanukia, basi keshasema huu ni mnanaa pori ama kivumbasi. Mi nilienda hivohivo karibu mwaka mzima na daftari langu likajaa majina mazuri tu, mpaka siku moja mzee mmoja anayeijua mimea akafungua ukurasa wa kwanza akaniuliza, "huu kokwa zake uliziona?" Nikamwambia kokwa gani, akacheka. Ule mmea ulikuwa Lantana. Shina la pembe nne unalo, majani mawili mawili unayo, harufu ndo usiseme, na bado sio wa familia hii, ni wa majirani, Verbenaceae. Nilikaa jioni nzima nafuta kurasa.

Kwahiyo hapa tuanze na vya kuona kwa macho, pua ije mwishoni.

Familia yenyewe ni kubwa. Inaitwa Lamiaceae, vitabu vya zamani vinaandika Labiatae, yaani wenye midomo, na hilo jina la zamani ndo linasema ukweli zaidi kama utakavyoona. Ina spishi zaidi ya 7,000 kwenye jenasi (yaani makundi ya spishi za karibu) 230 hivi. Mnanaa wenyewe umo, mrehani, kivumbasi, rozmari, lavenda, na hata mtiki ule wa mbao umo, mti mzima! Mtiki na wenzake kina Vitex na Clerodendrum zamani walihesabiwa Verbenaceae, wakahamishiwa huku miaka ya 1990 wataalamu walipopanga upya mipaka ya hizi familia mbili, ndo maana ukitumia kitabu cha zamani utachanganyikiwa na sio kosa lako.

Sasa umefika kwenye mmea. Usipige picha kwanza, shika shina. Lizungushe katikati ya kidole gumba na cha shahada, karibu na ncha ambako bado ni changa, usilisikilizie chini kabisa kwasababu huko shina likizeeka linakuwa mviringo. Ukisikia pembe nne umeanza vizuri, umeanza tu, hujamaliza. Halafu simama juu ya mmea uuangalie kama unachungulia kisimani: majani yanatoka mawili mawili kwenye kila fundo, yametazamana, na jozi ya juu yake imekaa kinyume, hivo kutoka juu unaona msalaba. Ukikuta majani yanapishana, moja huku moja kule, achana nao, nenda mmea mwingine. Angalia pia pale kikonyo cha jani kinapogusa shina, kama kuna vijani vidogo vya pembeni kama vimasikio basi sio hii familia. Kwa kuangalia hapo utaepuka Urtica, ile inayowasha, maana nayo majani yake yanatazamana na shina lake lina pembe, na imeacha alama kwenye kumbukumbu ya kila mtu aliyewahi kuishika kwa haraka haraka.

Lakini shina na majani peke yake vitakudanganya kila siku. Wa familia ya Acanthaceae wengi wako hivohivo, Scrophularia ina shina la pembe nne safi kabisa, Verbenaceae ndo hao nimeshasema. Ikiwa mmea hauna ua wala tunda, andika tu "labda Lamiaceae" uondoke, hamna aibu. Nilichelewa sana kujifunza hili la kuondoka.

Ua sasa. Liangalie kwa ubavu, sio kwa mbele. Wengi tunapenda kulitazama usoni kwasababu ndo linapendeza hapo, lakini umbo la midomo unaliona ukiwa pembeni: petali zimeungana zikawa mrija, mrija unafunguka midomo miwili, wa juu na wa chini, kama mdomo wa mamba au wa samaki inategemea na spishi. Ukiwa na lenzi ya kukuza mara 10 hapa ndo inaanza kulipa. Hesabu stameni, vile vijiti vinavyobeba chavua. Kawaida ni 4, mbili ndefu mbili fupi. Zikiwa 2 tu na ua lina midomo mikubwa, wazo la kwanza liwe Salvia.

Halafu fanya kitu hiki, na ndicho ninachotaka ukumbuke ukisahau vyote vingine. Shika ua moja lililokaribia kuanguka, vuta mrija wa petali taratibu. Utatoka na stameni zake maana zimegandia humo ndani. Kinachobaki ni kikombe cha kijani na uzi mmoja mwembamba umesimama katikati, ncha yake imegawanyika mara mbili. Chungulia ndani ya kikombe na lenzi, chini kabisa. Kwa wengi wa familia hii utaona kama mto mdogo wa kulalia ulioshonwa msalaba katikati, vinundu vinne, na ule uzi unachomoza pale kwenye makutano ya mshono, kati ya vinundu, sio juu yake. Hivyo vinundu vikikomaa vinakuwa kokwa nne ndogo kavu, kila moja na mbegu yake moja. Lantana ukiifanyia hivo huoni msalaba, unaona kitu kimoja cha mviringo na uzi umekaa juu ya kichwa chake, halafu tunda lake linakuwa la majimaji, dogo jeusi linang'aa. Acanthaceae na Scrophularia nao wanatoa kibweta kinachopasuka, sio kokwa.

Hata Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka misingi ya kuipa mimea majina ya kisayansi, alikwama kwenye kokwa hizi. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1753 mingi ya mimea hii aliiweka kundi alilolipa jina lenye maana ya mbegu uchi, alidhani zile kokwa nne ni mbegu zimekaa bila tunda. Kumbe kila moja ni robo ya tunda. Kwahiyo ukikosea uko na watu wazito.

Msimu wa maua ukiisha usihuzunike, kwa kokwa ndo wakati mzuri zaidi. Kikombe hakianguki na ua, kinabaki kimeshika kokwa mpaka zikauke. Chukua kishuke kikavu, kigeuze juu ya kiganja au karatasi nyeupe, kigonge kwa kidole, zitadondoka. Zihesabu kwa kila kikombe. Mara nyingi 4, ila zingine hufa njiani, na Mesosphaerum suaveolens, lile gugu la harufu kali ambalo asili yake ni Amerika ya kitropiki na sasa limejaa pembeni ya barabara kwenye nchi nyingi za joto, kawaida linatoa 2 tu. Kuna wa familia nyingine, Boraginaceae, nao wana kokwa nne chini ya kikombe, huyo utamjua kwa majani yanayopishana na shina la mviringo, ndo maana tulianza na shina.

Mchezo mmoja ninaoupenda: weka kokwa kwenye tone la maji usubiri dakika chache. Za mrehani na ndugu zake zinavaa koti la utelezi kama jeli, zinavimba kabisa mbele ya macho yako. Chia nazo ni hivohivo, na chia ni Salvia. Hii haikupi jina la spishi lakini inapunguza orodha, na watoto wanaipenda kuliko yote niliyosema juu.

Ukishajua uko ndani ya familia, jenasi nyingi unaweza kuzifikia kwa mdomo na kikombe tu. Stameni zimelala chini juu ya mdomo wa chini badala ya kujificha chini ya ule wa juu? Uko kundi la kina Ocimum, Coleus na Plectranthus. Kwa Ocimum angalia kikombe, jino la juu ni pana la mviringo na kingo zake zinateremka pembeni kama mtu kavaa joho. Coleus na Plectranthus mdomo wa chini ni kama mtumbwi na stameni zimelala ndani ya mtumbwi. Hapa kuna maumivu ya majina: mwaka 2019 spishi nyingi zilizokuwa zinaitwa Plectranthus zilirudishwa Coleus, kwahiyo kitabu chako na apu yako vinaweza kusema vitu viwili na vyote vinaongelea mmea uleule. Andika yote mawili kwenye daftari, yaishe.

Maua ya rangi ya chungwa, marefu yenye manyoya, yamejipanga duara kama mpira, shina limepita katikati ya mpira likaendelea juu likabeba mpira mwingine? Leonotis. Huwezi kuikosa, na ikikauka ile mipira inachoma kweli. Ua jeupe lenye mdomo wa juu uliojaa manyoya meupe kama ndevu za babu ni Leucas. Kikombe chenye kijinundu mgongoni kama ngao ndogo, hiyo Scutellaria. Mdomo wa juu haupo kabisa, wa chini tu umening'inia na vipande vitano, Teucrium. Upo lakini umefupishwa sana, Ajuga. Na mnanaa wenyewe, Mentha, kichekesho ni kwamba midomo yake haionekani vizuri, ua lake dogo lina vipande vinne karibu sawa na stameni nne karibu sawa, kwahiyo mmea tunaoutumia kuiita familia ya mnanaa ndo mfano mbaya wa kujifunzia familia.

Salvia nitakaa nayo kidogo. Ina spishi karibu 1,000, na tangu 2017 hata rozmari wengi wanaihesabu humo. Chukua kijiti chembamba cha nyasi, kiingize taratibu kwenye koo la ua kama vile nyuki anavyoingiza kichwa. Kwenye spishi nyingi stameni zinashuka kutoka juu zinakigusa kijiti, ukitoa zinarudi. Ni bembea: upande mmoja unasukumwa, mwingine unashuka na chavua unaipaka mgongo wa nyuki. Nilirudia mara kumi siku ya kwanza nikasahau kilichonipeleka.

Haya, harufu. Sikusema haina kazi. Inatoka kwenye vinyweleo vyenye tezi juu ya jani, na kwenye lenzi utaviona vinang'aa kama vitone vya mafuta. Tatizo kwanza, upande mmoja wa familia, kina Leucas, Lamium na Leonotis, kwa kawaida haunukii ule mnukio wa mnanaa, wengine wananuka majani tu na wengine wananuka vibaya. Pili, spishi moja inaweza kuwa na harufu mbili tofauti kutegemea kemia ya mmea husika, Ocimum gratissimum ni mfano, mmoja unanukia karafuu na mwingine wa spishi ileile unanuka dawa ya thimoli. Tatu pua inachoka, ukishanusa mmea wa tatu wa nne unaanza kubuni. Mi sasa nanusa baada ya kuandika kokwa na stameni, na naandika harufu kwa maneno yangu, "limau lililoanza kuoza" ni bora kuliko "inanukia vizuri".

Na tafadhali usionje. Kuwa ndugu wa mnanaa hakumaanishi ni salama. Mafuta ya Mentha pulegium yameshaua watu kwa kuharibu ini, na Teucrium chamaedrys, iliyouzwa kama dawa ya kupunguza uzito, ilipigwa marufuku Ufaransa mwaka 1992 baada ya watumiaji kupata ugonjwa wa ini.

Picha zipige ukiwa umeshaangalia, ndo utajua cha kupiga. Mmea wote pamoja na mahali uliposimama, fundo moja kwa karibu ili pembe za shina na jozi ya majani vionekane, jani juu na chini, ua kwa ubavu, ua usoni, na kikombe peke yake baada ya kuvuta mrija, hiyo ya mwisho karibu kila mtu anaisahau na ndo watu wanaokusaidia kwenye iNaturalist, ule mtandao wa kuweka picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua, wataiomba. Ua dogo likikataa kutulia kwenye fokasi weka kiganja nyuma yake, simu inapata kitu cha kushika. Apu ikikupa jina papo hapo lichukulie kama jirani aliyepita akasema "nadhani ni fulani", halafu urudi kwenye kikombe. Ukiwa kwenye hifadhi usichume kitu, kikombe cha kuchungulia utakipata kwenye ua lililoanguka lenyewe chini.

Mimi sasa hivi nina mmoja umenishinda. Shina pembe nne, stameni 4 zimelala chini, mdomo wa mtumbwi, harufu kama ya kafuri, lakini vikombe vyote bado vya kijani na kokwa hazijakomaa. Nimeufunga uzi mwekundu kwenye fundo la pili nisiupoteze, nitarudi vikikauka.